Njugu za Siku ya Kumi na Moja

Ujumbe wa Harish uliletwa na Wafula, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anauza dawa za mifugo mjini Kitale. Alinikuta nikipepeta wimbi uani kwangu hapa Bungoma, akanisalimia, akakataa kiti, halafu akasema, "Mwalimu, si kuna yule mzee Muhindi ulikuwa umepanga kwake zamani? Anakutafuta. Ati bibi yake alikufa mwaka jana, na kuna swali alimwachia akuulize. Atakuja Jumamosi." Nikamuuliza ni swali gani. "Hata sijui, Mwalimu. Alisema tu ni mambo ya sahani." Wafula alicheka kidogo, maana kwake lilikuwa jambo la kuchekesha, mzee mzima kutoka Kitale kwa ajili ya sahani. Nami nilicheka ili asinishuku. Alipoondoka niliacha ungo pale pale, kuku wakajilia wimbi, nikaingia ndani na kukaa jikoni bila kufanya lolote mpaka saa ya kupika chakula cha mchana ikapita.

Watoto wangu wamekuwa wakinisumbua niandike maisha yangu, na nimekuwa nikiandika. Nimeshaandika kuhusu chuo cha ualimu, kuhusu harusi, kuhusu miaka yangu ya ualimu mkuu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nimeuruka kila mara. Nilijidanganya kwamba hakuna la maana lililotokea mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu asiye na cheti katika shule ya harambee nje kidogo ya mji wa Kitale, nikifundisha kilimo kwa kitabu kimoja na majembe mawili. Nilipanga chumba nyuma ya duka la mbegu la Harish. Mama yake aliishi pale, na watu wote, kuanzia wapagazi wa dukani hadi sisi wapangaji, tulimwita Ba kama mwanawe alivyomwita. Niliishi uani kwake miezi kumi na mmoja, na alipokufa nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Nimekaa nacho zaidi ya miaka arobaini.

Ua ule ninauona bado. Upande wa barabara kulikuwa na duka, limejaa magunia ya mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, na harufu yake ilikuwa inaingia hadi kwenye nguo zangu. Nyuma ya duka ulikuwepo ua wa sementi wenye bomba moja la maji, kamba ya nguo, na mkebe wa samli uliopandwa mrihani ambao Ba aliumwagilia kila asubuhi kabla hajanywa hata chai. Jikoni kwao palitazamana na mlango wangu. Asubuhi Kitale ina baridi ya kukata masikio, nami nilikuwa nikijifanya nateka maji ili nipate kusimama karibu na mlango wa jikoni ule, maana ulitoa joto na harufu ya chapati nyembamba kama karatasi zikifura juu ya moto. Nila, mke wa Harish, ndiye aliyepika. Alikuwa mwanamke mkimya, mrefu, mwenye mikono ya haraka. Ba alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, akichambua dengu kwenye sinia, akitoa amri ambazo Nila alizitekeleza kabla hazijamalizika kusemwa. Mimi jioni nilipika ugali na sukuma wiki, na kesho yake sukuma wiki na ugali.

Ba alinipenda kwa sababu ya njugu. Kila nilipokwenda nyumbani Matulo nilipitia soko la Chwele kumwona senge wangu, dada yake baba, ambaye aliuza njugu karanga nyekundu, zile ndogo zenye mafuta mengi. Mara ya kwanza nilimletea Ba mkebe mmoja wa gorogoro kama zawadi ya mpangaji mgeni. Alizinusa, akaitafuna moja kwa meno ya mbele, akafumba macho. Tangu siku hiyo sikurudi Kitale bila njugu. Senge alikuwa akinitania: "Huyo Muindi wako anafanya nini na njugu zote hizi bana? Ama analisha ng'ombe?" Nikamweleza kama nilivyoelezwa na Nila. Ba alikuwa anafunga. Mara mbili kwa mwezi, siku ya kumi na moja mwezi ukikua na siku ya kumi na moja ukipungua, hakugusa nafaka yoyote wala maharagwe ya aina yoyote. Siku hizo alikula viazi vilivyokaangwa na njugu zilizopondwa, maziwa, ndizi, na njugu nyingine za kukaanga alizotafuna polepole mchana kutwa. Wanawake wengi wa dini yake walifunga hivyo. Lakini yeye alikuwa na sababu yake.

Sababu yenyewe ilikuwa Harish. Alipokuwa kijana aliugua akalazwa wiki tatu bila kufungua macho, na madaktari wakamwambia Ba awaite jamaa. Ba akaenda zake kwenye chumba cha maombi akamwekea Mungu nadhiri: mwanangu akiinuka, siku ya kumi na moja sitagusa nafaka wala maharagwe mpaka nife, na siku nikigusa, mchukue. Harish akainuka. Alibaki akichechemea mguu wa kushoto, basi. Ba alinisimulia haya mwenyewe kwa Kiswahili chake cha dukani, akinionyesha Harish aliyekuwa akipita na gunia, mwanamume wa miaka thelathini na mitano mwenye kitambi. "Yeye iko hai kwa sababu mimi iko funga," akasema. "Mimi hapana funga, yeye hapana." Nilitikisa kichwa kwa heshima. Moyoni niliona ni ushamba. Nilikuwa nimesoma biolojia, na mtu aliyesoma biolojia akiwa na miaka ishirini na mmoja ni mtu wa kuogopwa.

Siku niliyoharibu ilikuwa Jumamosi. Mama yangu alikuwa amenitumia njugu mawe kutoka Matulo, zile za mviringo ambazo kwetu tunaziita chimbande, na nikazichemsha asubuhi nzima kwa makaa yangu machache mpaka zikalainika. Kwetu njugu mawe si chakula cha kumpa mtu hivi hivi. Nikajaza bakuli, nikalifunika kwa kitambaa safi, nikavuka ua kumpelekea Ba. Alikuwa kwenye kigoda chake, kiganja kimejaa njugu karanga. Alifunua kitambaa, akatazama, akalisukuma bakuli kwa ncha ya kidole kimoja. "Hii maharagwe. Leo hapana. Ondoa."

Hakuwa na ubaya wowote. Siku nyingine angelikula, na angelamba kidole. Lakini mimi niliona kidole kile tu. Nilikuwa nimekulia katika nchi ambayo Muhindi na Mwafrika walitazamana kupitia dirisha la duka, na mara moja nikajua, au nikadhani najua, kwamba chakula cha mama yangu kimeonekana uchafu. Damu ilinichemka. Nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani, ya upole wa kuudhi, "Ba, hizi ni njugu mawe. Na kama hizi ni maharagwe, basi hata hizo unazotafuna ni maharagwe. Njugu si jamii ya korosho. Njugu ni jamii ya kunde, ndugu wa maharagwe, baba mmoja mama mmoja. Hata kwenye mtihani huulizwa."

Aliacha kutafuna. Nilidhani atanifokea, na nilikuwa tayari. Badala yake aliniuliza kwa sauti ndogo, "Nani sema?" Nikasema kila mtu anajua. "Wewe iko mwalimu," akasema. "Onyesha mimi."

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyuma. Ningesema, Ba, nilikuwa nimekasirika tu. Jumatatu iliyofuata, baada ya vipindi, nilikwenda shamba la shule nikang'oa shina la maharagwe, shina la njugu, na shina la mahindi la kulinganishia, nikayafunga kwenye gazeti nikaja nayo nyumbani. Nilikuwa hata nimepanga nitakavyoanza somo. Nikaosha mizizi chini ya bomba, nikailaza juu ya sementi, Ba akavaa miwani yake akainama. "Unaona vivimbe hivi? Vinaitwa vinundu. Ndani yake mna vijidudu vinavyoutengenezea mmea mbolea. Maharagwe yanavyo. Njugu inavyo. Tazama mahindi, hayana." Nilipasua kinundu kimoja kwa ukucha, kikatoa rangi nyekundu kama damu iliyochanganywa na maji. Ba alikigusa, akaurudisha mkono haraka. Alitazama shina hili, akatazama lile, mara tatu au nne. "Hii na hii iko sawa," akasema. Nilimpongeza. Kweli, nilimwambia, "Umeelewa vizuri, Ba," kama ninavyowaambia watoto wa kidato cha kwanza.

Kisha akaingia jikoni akatoka na mikebe yake. Nila alisimama mlangoni na unga mikononi, asielewe tunafanya nini. Ba alitaka kujua kila kitu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia kila dakika. Nilipanga mafungu mawili juu ya sinia. Dengu, pojo, hayo aliyajua. Minji? Jamii ya kunde. Mishiri ile mibichi anayoihesabu mboga? Kunde, Ba, ni maharagwe yaliyochumwa mapema. Majani ya methi, yaani uwatu, aliyokuwa akichanganya na viazi siku za kufunga? Hayo nayo, tena hata mbegu zake. Ukwaju wa chatini yake? Hapo hata mimi nilijisikia fundi, maana si kila mtu anajua kwamba mti mkubwa kama mkwaju ni wa ukoo mmoja na maharagwe. Nikaongeza hata yale ambayo hakuuliza, majani ya kunde tunayoyapika kwetu na magadi, na mboga ile chungu ya sokoni, mitoo. Upande wa pili nilimwachia korosho, lozi, viazi, ndizi. "Hizi ni halali yako," nikamwambia, na nikacheka. Ba hakucheka. Alikuwa akiutazama mkebe wa njugu ambao nilikuwa nimeujaza mwenyewe, mara baada ya mara, kutoka Chwele.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine angeacha njugu na tungeendelea. Lakini wiki mbili baadaye Harish aliugua. Ilikuwa malaria, ile ya kawaida ya kila msimu wa mvua, na nusu ya darasa langu walikuwa wameugua vilevile. Alilala siku tano akitetemeka. Ba alikaa kando ya kitanda chake hana rangi, na nilipopeleka uji kumjulia hali alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijapata neno lake. Haikuwa lawama. Afadhali ingekuwa lawama. Alinitazama kama mtu anayemtazama daktari aliyekuwa amesema kweli.

Harish alipona. Wiki hiyohiyo, saa saba mchana, nikiwa nimerudi kula chakula changu cha mchana kabla ya vipindi vya alasiri, na Nila amekwenda dukani kumpelekea Harish chakula kama kila mchana, Ba alibisha mlango wangu amebeba sahani yake ya chuma yenye vibakuli vyake: chapati nne, dengu, viazi na methi, wali, achari ya embe. "Mimi hapana njaa. Wewe kula." Nilishukuru, nikala. Sijawahi kula chakula kitamu namna ile, na nilikula mpaka nikapangusa bakuli kwa kipande cha mwisho cha chapati. Akachukua sahani tupu akairudisha jikoni. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu nilimuuliza, Ba, kwani wewe umekula nini? Akakaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanieleza. Miaka yote ile, kila siku ya kumi na moja, alikuwa amevunja nadhiri bila kujua. Mungu alikuwa amemvumilia kwa sababu hakujua. Sasa amejua, na Mungu amemwonyesha Harish kitandani. "Siku yote ile mimi kula njugu, sasa mimi narudisha. Moja moja. Mimi nafunga, yeye iko hai." Akashika kidevu changu. "Wewe hapana sema kwa Harish. Hapana sema kwa Nila. Wao iko kataza mimi."

Nilimwambia nilikuwa nimekosea. Nikamwambia labda kitabu kimekosea, labda njugu za Wahindi ni tofauti na zetu, nikaropoka upuuzi wa kila aina. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Mimi iko ona mizizi." Mizizi niliyoileta mwenyewe, nikaiosha, nikaipasua kwa ukucha wangu.

Na sahani nikaendelea kuzila. Hili ndilo sijaweza kuliandika miaka yote. Ningeweza kumwaga chakula kile, au kukikataa, au kuvuka ua ule hatua kumi nikamwambia Nila, dada, mama mkwe wako hali. Kila mchana nilijiambia leo nitasema. Kila mchana nilisikia kandambili zake juu ya sementi, sahani ikaingia, harufu ikaingia, na nilikuwa na njaa. Nilianza kuondoka shuleni mapema ili nisimkose. Kuna siku Nila alipika bilinganya na minji, nikajikuta nikisali Ba asije akabadili mawazo. Yeye alikunywa maji na maziwa kidogo, na jioni mbele ya Harish alichezea chapati moja mpaka kila mtu ameinuka. Kufikia wakati wa kuvuna mahindi bangili zake zilikuwa zinapanda hadi kwenye kiwiko, na mimi sketi yangu ya shule ilikuwa imenibana nikaipeleka kwa fundi aitanue. Wenzangu shuleni walinitania, "Sasa Nasimiyu, Kitale imekukubali."

Alianguka uani asubuhi moja akimwagilia mrihani. Daktari aliitwa nyumbani, mzee wa makamo mwenye mkoba mweusi, na nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba na chupa ya maji ya moto niliyotumwa kuileta. Alimpima, akamvuta kope, akamuuliza Harish, "Mama anakula?" Harish akasema, "Anakula, Daktari. Sahani inarudi tupu kila siku, muulize mke wangu." Nila akaitikia kwa kichwa. Kisha daktari akatazama mlangoni, akaniona mimi, na kwa sekunde moja nilifikiri ataniuliza. Ba naye alinitazama kutoka kwenye mto. Hakuniomba ninyamaze, wala hakunitisha. Nikaweka chupa chini nikasema, "Maji haya hapa," nikatoka. Alikufa wiki ya pili yake, kifua kikiwa kimejaa baridi na mwili hauna nguvu ya kukohoa.

Kwenye matanga walikuja wanawake wa ukoo wao kutoka Eldoret na Kisumu, wamevaa nyeupe, wakajaza ua mzima. Sikuelewa lugha yao, lakini macho niliyaelewa. Waliouosha mwili walikuwa wameona mbavu. Nila alipita katikati yao akigawa maji, na kila alipopita maneno yalikatika, akishapita yanaanza upya. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya kuamuru, alinifuata mpaka bombani. "Wewe iko kaa hapa. Huyu bibi ya Harish, yeye iko pika kwa mama?" Nikasema alikuwa akipika. "Mama iko kula?" Nila alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, ndoo mkononi. Alisikia swali, na alingoja jibu langu kama mimi nilivyokuwa nikingoja sahani.

"Sijui," nikasema.

Mwezi uliofuata nilihama, nikarudi Bungoma. Nilisikia habari zao vipande vipande kwa miaka: kwamba jamaa walikuwa wakija kwa Harish wanakula hotelini, hawataki chakula cha mkono wa Nila, kwamba alipata mtoto mmoja, msichana, kwamba aliacha kwenda kwenye shughuli za ukoo. Kila niliposikia niliumwa kichwa siku mbili, halafu nikapona. Nikafundisha. Nikapandishwa cheo. Kila mwaka nilipofika kwenye somo la jamii ya kunde, nilimpa mwanafunzi mmoja kitabu awasomee wenzake, nami nikatoka nje nikasimama barazani mpaka wamalize.

Jumamosi Harish alikuja kama alivyosema. Gari lilisimama langoni, akashuka peke yake na fimbo, mzee mwembamba sasa, mguu ule ule wa kushoto ukiburutika. Binti yake aliyemwendesha alibaki kwenye usukani, dirisha limefunguliwa nusu. Nilimkaribisha Harish sebuleni. Tukaulizana hali, mvua, bei ya mahindi, watoto. Kisha akaweka fimbo kati ya magoti yake. "Mwalimu, Nila alipokuwa hospitali siku za mwisho, aliniambia kitu. Miaka yote hajawahi kulizungumzia. Akasema, mimi nilipika, sahani zilitoka jikoni zimejaa, zikarudi tupu, na mama alikufa na njaa. Akasema, muulize Mwalimu wa Bungoma. Yeye alikuwa uani mchana." Akaizungusha fimbo. "Mimi nilikuwa dukani. Sasa nakuuliza."

Nilimwambia. Nilianza na bakuli la njugu mawe na kidole cha mama yake, nikaendelea na mizizi, mikebe, nadhiri, sahani, daktari, na yule mwanamke wa bombani. Sikujipunguzia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake wiki nzima, lakini alisikiliza akitazama sakafu, na nilipofika kwenye mizizi aliinua uso kwa mshangao wa kweli.

"Lakini njugu zinaruhusiwa," akasema. "Siku ya kumi na moja watu wote kwetu wanakula njugu. Hekaluni wanagawa. Mimi mwenyewe nafunga mpaka leo na nakula. Hakuna anayeuliza mizizi. Ni desturi, Mwalimu, si kilimo. Angemuuliza mtu yeyote, hata kuhani, angemcheka, yakaisha." Akanitazama kwa muda. "Kwa nini hakuuliza?"

Jibu nilikuwa nalo, na nililitoa. "Kwa sababu aliniamini mimi."

Harish alipangusa miwani yake kwa ncha ya shati, kazi hiyo ikachukua muda mrefu. Halafu akasema, karibu kama anajisemea, "Nilimuuliza Nila mara moja tu. Baada ya matanga. Nikamuuliza, ulikuwa unampa mama chakula? Mara moja. Tangu siku ile hakuwahi kuketi mezani na mimi. Alinipakulia, akasimama jikoni. Miaka yote hiyo, amesimama." Nilitaka kupiga magoti, lakini nilijua nikipiga magoti itakuwa kazi yake kuniinua, na sikuwa na haki ya kumpa kazi nyingine. Aliinuka kwa fimbo yake. "Mimi umeniambia. Lakini mimi si wa kuambiwa peke yangu. Meena, huyo binti aliye garini, amekua akisikia kwa shangazi zake kwamba mama yake alimuua bibi yake kwa njaa. Nenda umwambie."

Nilitoka mpaka langoni na kandambili zangu. Binti alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, urefu na mikono ya Nila. Alizima redio aliponiona. Nikashika dirisha, nikamwambia jina langu, nikamwambia niliishi uani kwao kabla hajazaliwa. Kisha nikasema nililopaswa kulisema bombani. "Mama yako alipika kila siku. Alipakua vizuri, sahani zikijaa. Bibi yako alikuwa akifunga kwa siri kwa sababu ya maneno yangu, akaniletea mimi chakula chake. Kilichopikwa na mama yako nilikila mimi. Mama yako alisingiziwa, nami nilijua, nikanyamaza."

Hakulia wala hakufungua mlango. Alinitazama usoni, akashusha macho mpaka tumboni, akayarudisha. Nyuma yangu nilisikia fimbo ya baba yake ikija polepole juu ya kokoto.

"Ulikuwa unashiba?" akauliza.

Nikamwambia nilikuwa nashiba.